NDEGE WA MAJINI: TUTAZAME KABLA YA KUSEMA



Nchi yetu ya Kasongo na Kabambare ni nchi ya maji. Mto Luama hushuka kutoka milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, hupita katika nchi ya Kabambare, kisha huingia katika Lualaba. Mito ikijaa wakati wa masika, maji hutanda mabondeni; yakipungua, huacha maziwa madogo yenye samaki na vyura. Hapo ndipo ndege wa majini hukusanyika. Twawaona tangu utoto, tukienda kuteka maji au kuvua. Lakini kuona si kutazama. Leo tujifunze kutazama.

1. Jinsi ya kutazama

Chagueni mahali pamoja kando ya ziwa lililo karibu na kijiji, mkarudi papo hapo kila juma. Wakati mwema ni saa 12 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ketini kimya, jua likiwa nyuma yenu, mbali kidogo na maji kwa sababu ya mamba. Wala msikaribie viota. Chukueni daftari na kalamu, mwandike mambo manne: tarehe, namna ya ndege, hesabu yao, na kazi waliyokuwa wakifanya. Msiandike yanayosemwa na watu. Andikeni mliyoyaona kwa macho yenu.

2. Kila mmoja na kazi yake

Mwenye saburi ataona kwamba kila ndege ana njia yake ya kujipatia riziki. Yangeyange mweupe husimama katika maji machache, asitikisike, akingoja samaki mdogo apite. Mdiria mwenye madoa meusi na meupe husimama hewani akipiga mbawa upesi upesi, kisha hujitupa majini kama jiwe. Mnandi huzama na kuogelea chini ya maji. Akitoka hutandaza mbawa zake juani, kwa maana manyoya yake hulowa. Furukombe, yaani tai mla samaki, hunyakua kwa kucha zake samaki aliye karibu na uso wa maji. Tena yuko ndege mwenye vidole virefu mno, atembeaye juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Kwao ni dume anayeatamia mayai na kulea makinda. Ziwa ni moja, lakini wote hupata kula.

3. Ndege asingiziwaye

Yuko ndege wa rangi ya kahawia, mwenye kichwa kama nyundo. Kwa Kiswahili huitwa fundichuma; kwa lugha ya nyumbani huenda ana jina lingine. Katika nchi nyingi za Afrika watu humwogopa. Akitua juu ya paa, na mtoto wa nyumba ile akaugua, huulizwa: «Nani amemtuma?» Hapo vidole huelekezwa kwa bibi kizee asiye na mtetezi.

Basi, mtazameni kwa macho yenu. Hula vyura na samaki wadogo. Pamoja na mwenzake hujenga kiota kikubwa cha vijiti maelfu, chenye paa, na ndani hukipaka udongo. Upana wake waweza kufika mita 1 na nusu. Akikiacha, wengine hukaa humo: bundi, nyuki, kenge, hata nyoka. Mtu akiona nyoka akitoka kiotani mwaweza kuelewa woga wake. Lakini nyoka ni mpangaji tu, hakuitwa na ndege. Ndege huyu hana mtu aliyemtuma, na yule bibi hana kosa. Amri ya nane, mnayojifunza katika katekisimu, inakataza kumsingizia mtu. Naye asemaye asilolijua yu karibu sana kusingizia.

4. Wageni wa kila mwaka

Msidhani kwamba ni sisi tu tunaodanganyika. Kwa karne nyingi watu wengi wa Ulaya, hata wenye elimu, waliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepenya shingoni mwake. Mkuki huo ulikuwa wa Afrika! Hivyo wakaamini kwamba korongo husafiri mpaka kwetu na kurudi. Ndege yule amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga ndege pete nyepesi zenye namba miguuni, ili wajulikane wanakokwenda.

Hata ninyi mwaweza kuwaona wageni hao. Kuanzia mwezi wa 9 au wa 10, angalieni ukingoni mwa maji ndege mdogo wa rangi ya udongo, mwenye tumbo jeupe, atikisaye mkia bila kupumzika. Hutaga mayai Ulaya na Asia, kisha huja kwetu kukimbia baridi. Nabii Yeremia (8, 7) aliwataja ndege wajuao majira yao, ili kuwaaibisha watu wasiojua. Mkiokota ndege mwenye pete, nakilini herufi na namba zake zote, na siku na mahali, mkampelekee mwalimu. Msiitupe: mtu wa mbali anangoja habari hiyo.

Kumbukeni: jicho lisilo na haraka huondoa woga mwingi, na ulimi unaongoja jicho hauleti msiba kijijini.

MASWALI

1. Ni mambo gani manne tuandikayo katika daftari?
2. Kwa nini mnandi hutandaza mbawa zake juani?
3. Nyoka huonekanaje katika kiota cha fundichuma?
4. Korongo wa mwaka 1822 aliwafundisha nini watu wa Ulaya?
5. Jirani akisema kwamba ndege ametumwa na bibi fulani, utamjibu nini?