Somo la Sanduku la Kioo: Uduvi na Konokono wa Majini

Wakulima wengi wa skimu hupita ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu na mbolea. Wakifika, husimama kwanza kutazama sanduku la kioo lililo juu ya meza yangu, karibu na dirisha. Ndani yake mna maji, mimea, uduvi na konokono. Kisha huniuliza, "Bwana Karani, vitu hivi vina faida gani kwa mkulima?" Leo nitajibu swali hilo, na nitaeleza jinsi ya kutengeneza sanduku kama hilo nyumbani au shuleni.

Faida yake ni hii. Mkulima wa skimu anaishi kwa maji ya mfereji. Maji hayo yana viumbe vyake, vingine vya msaada na vingine vya hasara. Katika mfereji hatuvioni vema, lakini katika kioo twaviona. Na jambo kubwa la kujifunza ni moja: usimtie mnyama majini kabla ya kujua anakula nini, anazaa namna gani, na maji yale yanakwenda wapi.

CHOMBO NA MIMEA

Tafuta sanduku la kioo liwezalo kuchukua maji ya madebe mawili, yaani lita 40 hivi. Lisiwe chombo kilichowahi kutiwa dawa ya kunyunyizia kahawa au mboga. Mrututu na dawa nyingine zenye shaba, hata kidogo sana, huua uduvi na konokono. Debe la dawa lisiguse maji haya, hata kama limeoshwa mara kumi.

Tandaza chini changarawe iliyooshwa vizuri, kiasi cha unene wa vidole vitatu. Tia maji safi ya kisima au ya mto. Kama ni maji ya bomba, yaache wazi katika karai kwa siku nzima ili dawa ya klorini itoke. Halafu panda mimea ya majini ya mahali penu, na iwe mingi. Weka sanduku penye mwanga, lakini si penye jua kali. Jua kali hupasha maji moto na kukuza utelezi wa kijani kupita kiasi.

KUNGOJA

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikosea vile vile. Nilipokuwa mwalimu kijana nilitengeneza sanduku Jumatatu asubuhi, na jioni ile ile nikatia uduvi 20. Ilipofika Alhamisi wote walikuwa wamekufa. Watoto wa darasa waliniuliza sababu, nami sikuwa na jibu.

Jibu lenyewe ni hili. Kinyesi cha wanyama na majani yaozayo hutoa sumu iitwayo amonia. Katika maji yaliyokomaa mna bakteria waishio juu ya changarawe na majani. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ni chakula cha mimea. Katika sanduku jipya bakteria hao ni wachache mno, kwa hiyo sumu huzidi na wanyama hufa.

Mkulima anaijua habari hii kwa njia nyingine. Samadi mbichi ikiwekwa shinani huunguza mche, lakini samadi ile ile ikiachwa ioze huulisha. Basi acha sanduku na mimea yake bila uduvi kwa muda wa wiki 4 mpaka 6. Mvumilivu hula mbivu.

KONOKONO, KISHA UDUVI

Baada ya kungoja, tia konokono watatu au wanne tu. Kazi yao ni kula utelezi wa kijani na majani yaliyooza. Gamba la konokono hujengwa kwa chokaa. Ukiona gamba linaliwa na kutoboka, tia kipande cha jiwe la chokaa au ganda la yai lililooshwa.

Wiki mbili zikipita na konokono wakiwa wazima, tia uduvi 10. Kama mto wenu una uduvi, chukua hao hao. Katika Ziwa Viktoria wako uduvi wadogo ambao Wajaluo huwaita ochong'a, nao hunaswa pamoja na omena. Wavue kwa wavu wenye mpini mrefu ukiwa ukingoni. Usiingie majini miguu mitupu.

Usiwamwage uduvi sandukuni kwa ghafula. Waweke katika bakuli pamoja na maji waliyokuja nayo, kisha ongeza kikombe kimoja cha maji ya sanduku kila baada ya dakika 10, kwa muda wa saa moja au zaidi. Hivyo miili yao huzoea maji mapya.

Chakula chao kiwe kidogo. Kipande cha jani la sukuma wiki lisilonyunyiziwa dawa, likichemshwa, latosha kwa siku mbili. Kinachobaki kitoe. Ukiona ganda jeupe la uduvi chini, usifikiri amekufa. Uduvi huvua ganda lake kadiri anavyokua. Liache, kwa maana hulila tena. Jike hubeba mayai chini ya tumbo mpaka yaanguliwe. Ukitaka watoto wapone, usitie samaki. Kila juma toa sehemu moja ya tano ya maji na ujaze mengine.

NI KONOKONO YUPI?

Sasa tumefika kwenye jambo zito. Si kila konokono wa mfereji anafaa kuletwa nyumbani. Watazame kwa magamba yao.

Wa kwanza ana gamba bapa, lililojizungusha kama kamba iliyokunjwa chini. Huyu hubeba kichocho cha matumbo. Usimtie.

Wa pili ni mdogo, ana gamba lenye ncha. Ukilishika ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea, mdomo huwa upande wa kushoto. Katika aina hii wamo wanaobeba kichocho cha mkojo. Usimtie.

Wa tatu ana gamba refu na jembamba kama pembe, na mdomo wake uko upande wa kulia. Hujificha ndani ya changarawe mchana, na huzaa watoto walio hai. Huyu anafaa kwa sanduku letu, ila nawe kila umshikapo nawa mikono kwa sabuni.

Kumbuka pia kwamba konokono hazaliwi na kichocho. Hukipata majini, kutokana na kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa. Kisha vijidudu hutoka kwa konokono na kuingia katika ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kwa hiyo choo kizuri ni kinga ya mfereji.

Yuko na wa nne. Siku moja mzee mmoja aliniletea kopo, ndani yake mna konokono mkubwa kama ndimu, rangi yake kama kahawia iliyochanganyika na manjano. Akasema, "Mwanangu, mtie huyu naye humo, watoto wamtazame." Nikamwuliza, "Mzee, umemtoa wapi?" Akajibu, "Katika jaruba langu. Wako wengi, na miche yangu imeisha kama iliyokatwa kwa mundu." Nikamwuliza kama ameona mayai. Akasema, "Nimeona vishada vya rangi ya waridi juu ya mashina ya mpunga. Nilidhani ni maua."

Hayakuwa maua. Konokono huyo asili yake ni Amerika ya Kusini. Kiasi cha mwaka 1980 alipelekwa Taiwan ili afugwe kwa chakula. Biashara haikufaulu, wengine wakatupwa au wakatoroka, nao wakaharibu mpunga katika nchi nyingi za Asia. Jamaa zake wameuzwa pia kwa watu wafugao samaki wa vioo. Katika mwaka 2020 alionekana katika skimu ya Mwea. Kishada kimoja chaweza kuwa na mamia ya mayai, nayo huanguliwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Maji yakikauka, hufunga mlango wa gamba lake na kungoja matopeni kwa miezi.

Ukimwona, fanya hivi: vaa glavu, mwokote asubuhi au jioni, mponde na kumfukia. Ponda vishada vya mayai kila siku. Weka wavu mahali maji yaingiapo shambani. Panda miche iliyokomaa kidogo, na punguza maji siku za kwanza, kwa maana hatembei vema pasipo maji. Kisha mpashe habari Bwana Shamba. Jirani akiacha, kazi yako itakuwa bure. Maji ya mfereji hayajui mpaka wa shamba.

MAJI YA SANDUKU YAENDE WAPI?

Kamwe usimwage maji ya sanduku, mimea wala wanyama katika mfereji, mto au bwawa. Maji yamwage bustanini, mahali pakavu. Ni mbolea nzuri. Mimea ianike juani mpaka ikauke kabisa. Mnyama usiyemtaka mponde, umfukie. Gugu maji lililofunika sehemu kubwa za Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990 lilienezwa duniani na watu waliopenda ua lake. Kamba mwekundu wa Marekani alitiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, akaongezeka, akala mimea ya majini. Na kuleta mnyama wa majini kutoka nchi za nje bila kibali cha Serikali hakuruhusiwi.

Yule mzee hakukasirika nilipokataa konokono wake. Tulitoka nje pamoja, tukamponda. Siku ya pili alirudi na vijana wake wawili kuniuliza zaidi habari za yale mayai.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tunangoja wiki 4 mpaka 6 kabla ya kutia uduvi?
2. Kwa nini debe la dawa ya kahawa halifai?
3. Utamtambuaje konokono mwenye mdomo upande wa kushoto?
4. Ukiona vishada vya rangi ya waridi juu ya mpunga, utafanya nini siku hiyo hiyo?
5. Maji ya sanduku yamwagwe wapi?

Wasomee watoto nyumbani maswali haya. Anayeweza kujibu yote matano anafaa kupewa sanduku la kulitunza.