Kalenda Kwanza, Nauli Baadaye: Somo la Kupanga Likizo ya Hispania

Watu wengi wapangapo safari ya nchi ya mbali huanza na nauli, kisha nyumba ya kulala, na wakishafika ndipo huuliza, "Je, hapa pana nini cha kutazama?" Katika nchi ya Hispania mtindo huo humtia mtu hasara. Karibu kila mji wa huko una sikukuu yake, na nyingi hazidumu ila siku chache tu. Aikosaye kwa siku moja hana budi kungoja mwaka mzima. Katika makala haya nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja na walimu na wazazi wasomao gazeti letu, kwa nini kalenda yapasa kutangulia nauli.

Nililisoma jambo hili kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi. Kwa miaka minane amedunduiza fedha, haba na haba, ili aende Hispania mara moja katika maisha yake akaone sikukuu za watu na michezo yao. Alipojua kwamba mimi ni mwanafunzi wa Jiografia alinipa kazi ya kumtengenezea mpango. Akaniambia, "Mpwa wangu, fedha hizi hazitapatikana tena. Ukinikosesha wiki, umenikosesha yote." Basi likizo iliyopita nilikaa na ramani na kalenda, na haya ndiyo niliyojifunza.

Aina Tatu za Sikukuu

Jambo la kwanza ni kujua kwamba sikukuu za Hispania ni za aina tatu kwa tarehe zake.

Aina ya kwanza haihami kamwe. Mfano wake ni Fallas ya mji wa Valencia, ambayo kilele chake ni tarehe 15 hadi 19 Machi. Watu wa kila mtaa hujenga sanamu kubwa za mbao, karatasi nzito na povu gumu, na nyingine hupita urefu wa mita 20. Nyingi ni za kuwakejeli wakubwa wa serikali na watu wenye majina. Tangu tarehe 1 Machi, kila siku saa 8 mchana, baruti hulipuliwa katika uwanja wa mbele ya jumba la mji, si kwa ajili ya kutazamwa bali kwa ajili ya kusikilizwa, maana mshindo wake hupangwa kama ngoma. Kisha usiku wa tarehe 19, siku ya Mtakatifu Yosefu, sanamu zote huchomwa moto. Ni chache tu zinazosalimika kwa kura za watu na kuwekwa katika nyumba ya makumbusho. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliiingiza sikukuu hii katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mtu afikaye Valencia tarehe 20 hukuta wafagiaji.

Aina ya pili hufuata siku ya juma. Katika mji mdogo wa Buñol, karibu na Valencia, watu hupigana kwa nyanya kwa muda wa saa moja, na siku yake ni Jumatano ya mwisho ya Agosti. Mchezo huo ulianza mwaka 1945. Kanuni yake ni kwamba nyanya lazima ipondwe mkononi kabla ya kurushwa, isimwumize mtu. Tangu mwaka 2013 huingii bila tikiti, kwa sababu wageni walizidi nafasi ya mji. Mwaka 2027, mathalan, Jumatano hiyo itakuwa tarehe 25.

Aina ya tatu hufuata mwezi, na hapa ndipo wengi hupotea. Sisi twajua jinsi Idd zetu zinavyofuata mwezi. Pasaka nayo huangukia Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu ufuatao tarehe 21 Machi, na sikukuu nyingine huifuata kama mabehewa yafuatavyo garimoshi. Kanivali za Cádiz na Tenerife huja kabla ya Kwaresima. Juma Kuu la Sevilla huanza Jumapili ya Matawi, ambapo vyama vya waumini hupita mitaani wamevaa kanzu na kofia ndefu zilizochongoka, na wachukuzi waliojificha chini ya majukwaa mazito hubeba sanamu takatifu kwa shingo zao. Yapata majuma mawili baada ya Pasaka huja maonyesho ya Sevilla, yenye farasi, ngoma na mahema. Mengi ya mahema hayo ni ya watu binafsi, na mgeni haingii ila kwa kualikwa.

Sasa tazameni faida ya kujua aina hizi. Mwaka 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi. Moto wa Valencia utawaka Ijumaa tarehe 19, na Jumapili tarehe 21 maandamano ya Sevilla yataanza. Msafiri ana Jumamosi nzima ya kupanda garimoshi, akaziona sikukuu mbili kubwa katika juma moja. Lakini mwaka 2028 Pasaka itakuwa tarehe 16 Aprili. Msafiri yule yule, kwa fedha zile zile, itambidi akae majuma matatu bure akingoja.

Michezo

Hispania ni nchi ya michezo, na mingine haidai hata senti. Mashindano ya baiskeli ya kuizunguka nchi, yaliyoanza mwaka 1935, hufanywa kwa majuma matatu kati ya Agosti na Septemba, na mtu husimama kando ya barabara akatazama bila malipo. Katika ghuba ya San Sebastián mashua za makasia hushindana Jumapili mbili za kwanza za Septemba. Kandanda ya ligi huchezwa tangu Agosti hadi Mei, lakini saa na siku ya kila mchezo huthibitishwa baadaye. Kwa hiyo si busara kupanga kuondoka mjini siku ile ile uliyodhani ni ya mchezo.

Kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki yako mambo ya kututia fahari. Katika Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992 Wakenya walitwaa medali zote tatu za mbio za mita 3,000 za viunzi na maji. Mjini Valencia, Oktoba 2020, Joshua Cheptegei wa Uganda alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Katika mji huo huo, Desemba 2022, Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni yake ya kwanza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Kijana huyo alifariki kwa ajali ya gari Februari 2024.

Fahali wa Pamplona

Tamaa ya kwanza ya mjomba ilikuwa Pamplona, kwenye sikukuu ya San Fermín, tarehe 6 hadi 14 Julai. Kuanzia tarehe 7, kila siku saa 2 asubuhi, fahali sita pamoja na maksai hufunguliwa, wakakimbia katika njia nyembamba isiyofika mita 900 hadi uwanja wa mapambano, na watu hukimbia mbele yao. Mbio zenyewe huisha kwa dakika mbili au tatu. Jioni fahali wale wale hupigwa vita uwanjani na kuuawa. Hapo ndipo unapotofautiana na mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao husemwa uliachwa na Wareno, kwa maana Pemba ng'ombe hauawi.

Wako watu waliofia katika mbio hizo, na kila mwaka wengine huumia. Sheria hukataza mtu aliye chini ya miaka 18 kukimbia, kwa hiyo hata mimi ningezuiwa. Mama aliposikia habari hii alimwambia mjomba, "Mimi nina kaka mmoja tu, na sikumzaliwa naye ili apewe fahali." Mjomba akajibu kwamba atatazama tu. Nikamweleza kwamba kutazama nako kwataka mpango, kwani bei ya vyumba Pamplona hupanda sana siku hizo, na wenye fedha kidogo hulala miji ya jirani kama Logroño, wakaja kwa basi.

Uamuzi

Lakini kikwazo kikubwa hakikuwa fahali wala fedha, bali likizo. Mwalimu hawezi kuacha darasa katikati ya Machi kwa sababu ya moto wa Valencia, na mwezi wa Julai shule hufunguliwa. Nilimwonyesha basi kwamba likizo ndefu ya mwisho wa mwaka nayo ina mambo yake, tena yote hayahami:

Tarehe 22 Desemba, Madrid: bahati nasibu kubwa ya Krismasi, ambayo namba zake huimbwa na watoto wa shule ya San Ildefonso.

Tarehe 31 Desemba, Madrid: mbio za kilomita 10 za San Silvestre, zilizoanza mwaka 1964. Usiku wake watu hula zabibu kumi na mbili, moja kwa kila pigo la saa.

Tarehe 5 Januari: maandamano ya Wafalme watatu wa Mashariki, wakirusha peremende kwa watoto.

Mjomba alinyamaza kitambo, maana moto wa Valencia ulikuwa moyoni mwake. Kisha akauliza kama mtu wa kawaida aweza kujiandikisha katika mbio za San Silvestre. Nikamwambia aweza, maana yako mashindano ya watu wote, ila nafasi hujaa mapema. Akasema, "Basi nitakimbia, sitatazama." Sasa hufanya mazoezi kila alfajiri.

Nimemkumbusha mambo mawili. Kwanza, ombi la viza hupokewa tangu miezi sita kabla ya safari, wala lisichelewe kupita siku 15 kabla. Tena bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Pili, Madrid ya Desemba ni baridi kali, kwa hiyo koti si anasa.

Maswali ya Kujipima

1. Pasaka ya mwaka 2028 ni tarehe 16 Aprili. Jumapili ya Matawi itakuwa tarehe ngapi, na ni siku ngapi baada ya moto wa Valencia?

2. Tafuta tarehe ya mapigano ya nyanya ya mwaka 2029.

3. Chagua sikukuu moja ya kwenu nyumbani. Je, haihami, hufuata siku ya juma, au hufuata mwezi? Mwandikie mgeni barua fupi ukimweleza afike siku gani.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne