Bibi alikuwa nje, sisi tunasali



Leo nawaletea somo ambalo darasani nililifaulu, halafu nikalifeli hapa Bonga. Swali lenyewe mnalijua tangu mafundisho ya Kipaimara: kumpenda Mungu na kumpenda jirani, vinahusianaje?

Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh, hapa hapa mkoani kwetu Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Injili ya Dominika ile ilikuwa ya Marko, ile ya kukesha. Kesho yake jioni nilikuwa na vijana kigangoni, tunasali rozari kwa ajili ya waliopatwa na maafa. Akaja bibi mmoja wa jumuiya, ana gunia la maharage na blanketi mbili. Akaomba vijana wawili wambebee hadi barabara ya Kondoa, kuna Fuso inapakia misaada. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Subiri kidogo tumalize."

Akakaa nje. Tulipotoka, Fuso ilishaondoka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi frateri, niombee na mimi nipate gari lingine."

Ilikuwa Jumatatu, yaani Matendo ya Furaha. Tendo la pili ni Bikira Maria kwenda kumtembelea Elizabeti, tena kwa haraka. Tulilitafakari vizuri tu, bibi akiwa nje na gunia lake.

Sasa, tusikimbilie kusema rozari ndiyo ilikuwa kosa. Siku hizi nasikia sana, "Bora kusaidia watu, Misa si lazima." Hapana. Amri tatu za kwanza zinahusu upendo wetu kwa Mungu, nazo hazikuwekwa mwanzoni kwa bahati mbaya. Kosa langu lilikuwa jingine: nilimfanya Mungu kuwa sababu ya kutonyanyuka.

Mt. Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tunampenda jirani kwa upendo ule ule tunaompenda Mungu, kwa sababu kile tunachomtakia jirani ni kwamba awe ndani ya Mungu. Kwa hiyo Mungu na jirani hawagombanii saa zako kama wateja wawili kwenye foleni. Na hapa kuna hatari nyingine, ambayo mimi mwenyewe nilichelewa kuiona: kumsaidia maskini ili nipate thawabu tu, kana kwamba yeye ni ngazi ya kupandia mbinguni. Huko siyo kumpenda kwa ajili ya Mungu. Nikimpenda kweli kwa ajili ya Mungu, nafuu yake yeye nitaitaka, hata nisipoonekana kabisa.

Mt. Augustino naye ana jambo lililonichoma. Katika kuamriwa, anasema, upendo kwa Mungu unatangulia. Lakini katika kutenda, wa jirani ndio unaotangulia, kwa sababu Mungu bado hatumwoni, na jirani tunamwona. Bibi nilimwona. Hata salamu nilimpa!

Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa Noeli ya 2005 kuhusu Mungu aliye upendo, anaonya pande zote mbili. Nikitaka kuwa mcha Mungu tu bila kumjali mtu, uhusiano wangu na Mungu unakauka. Na nisipoonana na Mungu kabisa, nitamwona mwenzangu kama mtu baki tu. Nadhani vijana wa kutoa misaada na vijana wa kuabudu Ekaristi tungesoma waraka huu pamoja, tungepunguza kunangana.

Na je, ukiwa katikati ya sala mtu akakuhitaji? Kama kweli hawezi kungoja, nyanyuka. Mt. Vinsenti wa Paulo aliwaambia hivyo masista wake waliohudumia maskini: kwamba kuacha sala kwa ajili ya maskini ni kumwacha Mungu na kumkuta Mungu. Kisha rudi umalizie sala yako. Bila hiyo, siku ya tatu utachoka na watu.

Jumamosi ile gari lingine lilipatikana. Tulibeba mizigo ya jumuiya nzima, bibi akiwa mbele na fimbo yake. Tukaanza rozari njiani, Matendo ya Furaha tena. Tulipofika tendo la pili sauti yangu ilikwama kidogo. Akalianzisha yeye.