Somo la Mwezi: Mtoto na Mchezaji Ampendaye

Mwezi huu tutazame jambo lililomo katika nyumba nyingi, nalo ni upendo wa mtoto kwa mchezaji anayemjua kwa jina tu. Wazazi wengine huliona ni upuuzi. Sisi twaona lina mafundisho.

Kigoma si wageni wa habari hizi. Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, alilinda lango la Simba mwaka 2003 walipowatoa kwa penalti Zamalek wa Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Mwezi Septemba 2019 alikuwa langoni tena, Taifa Stars walipowatoa kwa penalti jirani zetu Burundi. Na tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapa hapa, katika uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1–0. Watoto wengi siku ile waliwaona kwa macho watu waliokuwa wakiwasikia tu.

Sisi nasi tulipokuwa watoto tulikuwa na golikipa wetu, ambaye jina lake hatulitaji. Mechi zake tulizifuata kwenye redio ya jirani. Likizo moja ikasemwa anakuja kwa gari moshi, nasi tukaenda kumngojea stesheni ya Kigoma tangu asubuhi. Tulitazamia jitu. Akashuka mtu wa kimo cha kawaida, amebeba mzigo wake mwenyewe, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjuki. Tukamwamkia, "Shikamoo kaka." Akaitikia, akatua mzigo, akatuonyesha vile vidole vilivyovunjwa na mpira.

Kati yetu alikuwamo mwenzetu ambaye baba yake alizama mwaka ule ule akivua dagaa usiku. Tangu siku ile mtoto huyo hakukanyaga maji. Hata ndoo alichotewa na dada yake. Yeye ndiye aliyeuliza, "Kaka, wakipiga penalti huogopi?"

Golikipa hakucheka. Alisema, "Naogopa kila mara. Lakini mpira haungoji woga wangu uishe, basi nasimama nao."

Mwenzetu hakupona siku ile. Baada ya majuma kadhaa tulimwona pwani ya Kibirizi, amesimama majini mpaka magotini, ametetemeka lakini amesimama. Mama yake alikuwa mchangani akianika dagaa, akaacha kazi akamtazama, wala hakusema neno.

Basi tujifunze nini?

Kwanza, mtoto hatafuti magoli tu. Anamtafuta mtu mzima atakayemwambia kweli. Huenda sisi wazazi twamwambia "usiogope" kwa kuwa ni rahisi kusema, na mtoto akadhani ni yeye peke yake anayeogopa.

Pili, sifa hupita lakini neno hubaki. Matokeo ya mechi za golikipa yule tumeyasahau karibu yote. Jibu lake hatujalisahau.

Tatu, golikipa yule alikuwa amechoka kwa safari ndefu, na nyumbani walimngoja. Dakika zile chache hazikumpunguzia kitu. Mwalimu, muuguzi, nahodha wa mtumbwi, fundi cherehani, kila mmoja ana mtoto anayemtazama kwa mbali, pengine bila yeye kujua.

Lakini tuangalie pia upande wa pili. Mchezaji ni mtu, naye aweza kuanguka. Mtoto asifundishwe kumwabudu mtu. Afundishwe kuchukua lililo jema kwake na kuliacha lililo baya.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Je, wamjua mtu ambaye mtoto wako anampenda kwa mbali? Anampendea nini?
2. Mtoto akikueleza woga wake, wewe humjibu nini?
3. Ni nani anayekutazama wewe katika kazi yako ya kila siku?