Virusi vya kichaa cha mbwa vina ndugu shambani

Wiki hii tunaangalia jamii ya virusi iitwayo rabdovirusi. Kimojawapo husababisha kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikishaonekana ni nadra sana mgonjwa kupona. Vingine hushambulia mimea kama mahindi, mpunga, viazi na letasi. Ukijua virusi hivi vimeundwaje, utaelewa kwa nini sabuni ya kawaida yaweza kuokoa maisha yako.

Vimeundwaje?

Kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi. Vile vya mimea kwa kawaida ni virefu na vya mviringo ncha zote mbili. Ndani mna uzi mmoja wa RNA, wenye herufi za kemikali zipatazo 12,000 kwa kile cha mbwa. Uzi huo ni kama mhuri wa ofisi: maandishi yake yako kinyume, na hayasomeki mpaka yapigwe kwenye karatasi.

Jeni 5 zimepangwa foleni, kila moja ikitengeneza protini yake. Protini N huufunika uzi. P ni msaidizi wa L, nayo L ndiyo mashine ya kunakili uzi huo. M hukaza umbo la kirusi kwa ndani. G hujitokeza nje kama miiba, na ndiyo inayokamata seli. Kunakili huanzia upande wa N na kupungua kila hatua, hivyo N hutengenezwa kwa wingi na L kidogo tu.

Juu ya yote kuna utando wa mafuta.

Vya mimea vina nini zaidi?

Seli za mmea zina kuta ngumu. Kwa hiyo virusi vya mimea vina angalau jeni moja ya ziada, kati ya P na M. Protini yake husaidia kirusi kupenya vijia vyembamba vinavyounganisha seli na seli. Kirusi cha mozaiki ya mahindi, kwa mfano, huingizwa na kidudu kiitwacho Peregrinus maidis kinapofyonza utomvu. Kirusi hicho huzaana ndani ya mmea na ndani ya kidudu pia.

Je, ukila mahindi yaliyougua utapata kichaa? La. Virusi hivyo vya mimea haviambukizi binadamu.

Ukiumwa na mbwa

Hapa ndipo somo letu lina faida. Sabuni huyeyusha mafuta. Utando ukivunjika, miiba ya G hubanduka na kirusi hakiwezi tena kuingia kwenye seli. Basi osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu na hata kama mbwa anaonekana mzima. Chanjo huufundisha mwili kuitambua protini G na kuizuia. Inafaa hata baada ya kuumwa kwa sababu kirusi husafiri polepole kupitia neva kuelekea ubongoni. Mara nyingi dalili hutokea baada ya mwezi 1 hadi 3, lakini muda huo waweza kuwa mfupi zaidi. Kwa vidonda vikubwa daktari ataongeza dawa ya kinga ya haraka ndani ya kidonda chenyewe. Maliza sindano zote ulizoandikiwa, hata ukijihisi huna neno.

Louis Pasteur alimchanja kijana Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, mwaka wa 1885, naye akaishi. Tangu wakati huo dawa ipo, lakini haimsaidii anayengoja dalili.

Na mbwa wako je, amechanjwa mwaka huu?