Kifaru Begani: Maswali na Majibu Kuhusu Beji za Kale za Jeshi

Mzee akishafariki na jamaa wakaanza kupanga vitu vyake, mara nyingine huchomoza kipande cha kitambaa kilichotariziwa mnyama au taji, na hakuna aliyebaki wa kueleza ni cha kikosi gani. Wakazi wa Parklands wana mkusanyaji wa kuigwa karibu kabisa na nyumbani: Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, amezikwa City Park. Alikusanya vitabu, kazi za sanaa na stempu, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ingali Kenya, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue na katika Nairobi Gallery. Beji za jeshi zinastahili bidii ya namna hiyo, maana wenye kuzikumbuka wanazidi kupungua.

Beji haina tarehe. Umri wake utajulikanaje?

Historia ya kikosi hutangulia, kitambaa hufuata. King's African Rifles, jeshi ambalo watu waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902 na likadumu miongo sita, kwa hiyo jina lake peke yake halisaidii sana. Yaliyolifuata ndiyo yenye faida, kwa sababu baadhi yalidumu muda mfupi mno. Tanganyika Rifles ilianza na uhuru wa Desemba 1961 na ikavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. Chochote chenye jina hilo ni cha kipindi hicho tu. Kenya Regiment, yenye alama ya kichwa cha nyati, ni ya 1937 hadi 1963.

Kanuni hiyo inafaa hata kwa beji za juzi. Walinda amani wa Kenya walikwenda Namibia chini ya UNTAG, operesheni iliyoanza Aprili 1989 na kumalizika Machi 1990. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki mashariki mwa Kongo kiliingia Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023. Beji zake hazijapata hata vumbi, lakini mwenye busara anaziweka sasa.

Na ile yenye kichwa cha kifaru?

Hiyo ndiyo beji ambayo kila mkusanyaji wa Afrika Mashariki huiwinda. Ni ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ikapigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw na kusonga hadi mto Chindwin. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye msituni kama Jenerali China, alikuwa miongoni mwa askari wa Keya waliopelekwa Burma.

Hapa pana mtego. Kulikuwa na Divisheni nyingine ya 11, ya Kiafrika, ambayo wanajeshi wake waliingia Addis Ababa Aprili 1941 na ambayo ilivunjwa kabla mwaka huo haujaisha. Muuzaji anayesema kifaru chake kilivaliwa Addis Ababa anachanganya majeshi mawili.

Wala ushonaji usio sawa si dalili tosha ya bandia. Beji nyingi za majeshi yaliyopigana Burma zilishonwa na mafundi wa India, kila fundi na mkono wake. Zinazotia shaka ni zile kumi zinazofanana kabisa, zote safi, kutoka mfuko mmoja.

Taji lina maana gani?

Linataja enzi. Taji ambalo matao yake yamepinda juu kama kuba ni la wafalme, tangu Edward VII hadi George VI. Lile ambalo matao yake yamebonyea katikati ni la Malkia Elizabeth, aliyerithi ufalme Februari 1952 akiwa Kenya, katika hoteli ya Treetops. Lakini stoo za jeshi hazimwagwi kwa siku moja, na taji la zamani liliendelea kuonekana kwa miaka kadhaa. Tena Charles III alirudisha lile la mviringo mwaka 2022, hivyo taji la kuba laweza kuwa la babu au la askari wa Uingereza aliye Nanyuki leo.

Kitambaa chenyewe kinasema nini?

Mengi. Wakati wa Vita vya Pili Waingereza walibana matumizi, na beji nyingi zilichapwa tu juu ya pamba badala ya kutariziwa. Nyuzi za sintetiki, gundi ya plastiki mgongoni na velkro ni mambo ya baadaye. Taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, inayouzwa madukani, husaidia: nyuzi nyingi za kisasa hung'aa buluu nyeupe chini yake. Hata hivyo, beji ya kweli iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi nayo hung'aa, kwa hiyo taa isihukumu peke yake.

Je, ibanduliwe kutoka kwenye koti?

Hapana. Koti, beji, tepe za cheo na picha ya mwenyewe vikiwa pamoja vinatoa ushahidi ambao beji pekee haiwezi kuutoa. Jina, kijiji na namba ya askari viandikwe kwenye karatasi kwa penseli na kuwekwa pamoja na vazi, katika kasha kavu lisilopigwa na jua. Sufu ikaguliwe mara kwa mara kwa sababu ya nondo.

Kuna hatari ya kisheria?

Ipo katika sare za jeshi la sasa. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini, na nguo za mabakabaka zimewatia wengi taabani. Beji ya Burma ndani ya fremu ukutani ni jambo tofauti kabisa na koti la KDF linalouzwa kichochoroni, na koti hilo mkusanyaji aliache lilipo.