Ulimi wa Mama si Makosa

Ndugu zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, tuzingatie jambo hili. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanywa Mombasa, lahaja ya Unguja ilichaguliwa iwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni, si Kimvita. Faida yake twaijua: watu wa nchi mbalimbali wasoma kitabu kimoja wakafahamiana. Lakini mtoto wetu asemapo ndia kwa njia, au mtele kwa mchele, akaambiwa amekosa, huona haya. Na aonaye haya kwa ulimi wa mamake, kesho humuonea haya mama mwenyewe. Hapo adabu na mawaidha ya wazee hukosa wa kuyapokea.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliandika Kiswahili pamoja na Kiarabu. Na Sura ya Ibrahim yatufunza kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya kaumu yake, apate kuwabainishia.

Basi mtoto na ajifunze Kiswahili cha skuli kwa bidii, na nyumbani tuseme naye Kimvita au Kidigo bila haya. Mwacha asili ni mtumwa.